Choo Bora Chenye Kufuli

Nyumbani, Jumapili alasiri

Mwanangu Odilia,

Umekwenda kuwaaga shangazi zako wa ng'ambo ya mto, na ninavyowajua hawatakuachia mpaka umekula ugali kwa kila mmoja, kwa hiyo muda ninao. Mama yako yuko jikoni anakufungia migebuka, wale samaki wakavu wa ziwani, na unga wa ulezi, kama vile huko unakokwenda watu hawali. Habari za blanketi, za kumwamkia shikamoo kila aliyekuzidi hata kwa wiki moja, za kutokutoa kichwa dirishani kwenye basi, atakuambia yeye, tena mara tatu. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo langu moja, nalo limenikaa kooni tangu ulipoomba chuo.

Uliniletea barua yako ya maombi nikusahihishie. Uliandika: "Ninataka kuwa bibi afya kwa sababu wakati wa kipindupindu baba yangu aliokoa kijiji chetu na aliniokoa mimi mwenyewe." Nikachukua kalamu nyekundu, nikasoma mara mbili, nikaweka mkato baada ya "kijiji chetu", nikakurudishia. Nimewahi kusema uongo mwingi, mwanangu, lakini ule mkato ndio uongo mfupi kuliko wote.

Sasa wamekuchukua. Kesho unaondoka, na huko chuoni watamuuliza kila mtu kilichomleta, nawe utasimama mbele ya walimu unisifu. Siwezi kukuacha uende hivyo. Naogopa kwamba ukimaliza kusoma hapa utanitazama kwa jicho jingine, na ninakuambia mapema kwamba naogopa sana. Lakini ni afadhali unitazame vibaya ukijua kuliko unitazame vizuri kwa kudanganywa.

Nianze na jina. Tangu ukiwa mdogo umesikia watu wakiniita Choo Bora. Wazee wananiita hivyo kilabuni, vijana wananiita hivyo kwenye mpira, na siku moja padre aliniita hivyo akajishika mdomo. Wewe ulidhani ni cheo. Ulipokuwa darasa la tano ulimwambia mwalimu mgeni, kwa fahari, "Baba yangu ndiye Choo Bora," na darasa zima likavunjika mbavu, ukarudi nyumbani unalia. Nikakuambia wenzako wana wivu. Hawakuwa na wivu, mwanangu. Walikuwa wamesikia kwa wazazi wao.

Mwaka ule kipindupindu kilipoanza kutajwa, kilitajwa redioni, na kijiji chetu kizima kilikuwa na redio tatu: ya Mwenyekiti, ya meneja wa duka la ushirika, na yangu. Yangu haikuwa na betri. Kwa hiyo habari iliwafikia watu wawili, na hao wawili wakatuambia sisi wengine kwamba ni ugonjwa wa mbali, haupandi milima. Uliposikika umefika ziwani tukasema basi ni ugonjwa wa Kipili, ugonjwa wa watu wa joto na samaki. Baridi ya Ufipa inaua kila mdudu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo hadharani, nikiwa nimevaa makoti mawili.

Halafu wilaya ikaagiza kila kijiji kipeleke mtu mmoja kwenye semina Sumbawanga. Nilichaguliwa kwa sababu mbili: nilijua kusoma, na nilikuwa na viatu. Siku tatu tulikula wali na nyama tukaandika. Bwana afya aliyetufundisha alikuwa mtu mpole, alisema taratibu: maji ya kunywa yachemshwe, vyoo vichimbwe, mikono ioshwe kwa sabuni, na anayeharisha apewe maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo, anyweshwe kidogo kidogo bila kuchoka, huku akitafutiwa njia ya kufika kwa mganga wa zahanati. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri. Nikarudi na cheo cha Katibu wa Kamati ya Afya, kipaza sauti cha betri, nusu gunia la sukari na katoni mbili za sabuni. Sukari na sabuni vilikuwa vya wagonjwa na vya kaya zisizo na uwezo. Hilo nalo niliandika.

Wewe hukumbuki sana miaka ile ilivyokuwa. Duka la ushirika lilikuwa na rafu nzuri za mbao na juu yake hakuna kitu ila viberiti na meneja aliyeegemea. Mama zenu walifua kwa majivu. Mtu akipata kipande cha sabuni alikikata kwa uzi, akakificha kwenye mtungi wa mbegu. Sasa fikiria mimi, nimesimama alfajiri juu ya kinu cha mama yako nilichokipindua, naye analalamika kwamba kinu ni cha chakula si cha viatu, nami natangaza kwa kijiji kizima: "Ndugu wananchi! Naweni kwa sabuni!" Nilikuwa nimekipenda kipaza sauti kile kupita kiasi. Nilikitumia hata kuomba chumvi mezani.

Asubuhi ya kwanza Nasaria akaja mbele. Unamfahamu, ni yule mjane wa nyumba ya mwisho, mpika pombe ya ulezi, ambaye kila ukipita kwake anakuuliza umekula nini. Alipiga goti na kupiga makofi ya heshima kama ilivyo desturi yetu, ndiyo maana sikushtuka mapema kwamba swali lilikuwa baya.

"Ndugu Katibu, hiyo sabuni unayosema tunawie, iko wapi?"

"Tumia akili, mama," nikamjibu kwa kipaza sauti, ingawa alikuwa karibu kiasi cha kunishika mguu.

"Akili ninayo. Nimekuuliza sabuni."

Watu wakacheka, nami nikamchukia kuanzia saa ile. Nakuambia wazi kwa sababu utakutana na akina Nasaria wako huko uendako, na nafsi itakushawishi uwachukie. Anayekuuliza sabuni iko wapi ndiye pekee aliyekusikiliza.

Kamati ikakaa. Tulikuwa watano, wote viongozi. Mwenyekiti akafungua kikao kwa kusema kwamba huwezi kumwambia mwananchi awe safi wakati wewe kiongozi unanuka. Lazima viongozi wawe mfano. Hoja ikapita bila kupingwa, na katoni ya kwanza ikaishia kwenye kuwa mfano. Ya pili, pamoja na sukari, tukaamua itunzwe kwa ajili ya dharura. Mmoja akauliza dharura ni nini. Tukajadiliana mpaka mchana, tukakubaliana kwamba dharura ni wageni kutoka wilayani.

Likabaki swali la mahali pa kutunzia. Dukani watu wanachungulia. Kwa Mwenyekiti kuna wake wawili wasioelewana, na siri hukaa vibaya katika nyumba ya namna hiyo. Nikasema, "Mimi nina choo."

Amri ilikuwa kila kaya iwe na choo, na mimi kama Katibu nilijenga cha mfano: matofali ya kuchoma, paa la bati, mlango wa mbao wenye kufuli. Juu ya mlango nikaandika kwa chokaa CHOO BORA. Shimo nililianza kwa moyo wote. Lilipofika magotini nikagonga mwamba. Kesho yake kulikuwa na kikao, na keshokutwa kikao kingine. Nikafukia, nikasakafia vizuri kwa saruji, nikajiambia kuta ndizo zinazoonekana, shimo litafuata. Waliouliza kwa nini kimefungwa niliwaambia ni cha wageni rasmi. Sisi wenyewe tuliendelea kwenda vichakani kama zamani, nawe uliambiwa ukikutana na mtu huko useme unatafuta uyoga.

Utakumbuka pia kwamba mwaka ule tulikuwa tunakunywa chai chumbani, mlango umefungwa, na kabla hujatoka kucheza mama yako anakufuta mdomo. Ulidhani ni adabu. Ilikuwa sukari ya wagonjwa.

Huku hayo yakiendelea, nilipita nyumba kwa nyumba nikikagua vyoo vya watu, na asiye nacho nilimtoza kuku. Mzee Desideri alinionyesha shimo la kweli, refu kuliko yeye, alilolichimba kwa jembe na uzee wake wote, akalizungushia mabua ya mahindi. Nikamtoza kuku kwa kukosa kuta. Kuku yule tulimla mimi na wewe. Ulililia firigisi nikakupa.

Tukaweka na kizuizi barabarani, mti mmoja juu ya mafiga mawili ya udongo, mimi nikiwa mkuu wake. Wanawake wa ziwani waliopanda mlima kwa miguu na vikapu vya migebuka kichwani, wakitaka kubadilishana na maharage yetu, niliwarudisha wote, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Siku hiyohiyo ikaja Land Rover, nyuma imejaa migebuka walewale. Nikainua mti nikapiga saluti.

Halafu nikapiga marufuku pombe. Nisingesema amri ile ilikuwa mbaya, maana watu walikuwa wanakaa wengi kwenye mtungi mmoja. Ubaya ulikuwa kwangu, jinsi nilivyofurahi kwenda kumwaga ya Nasaria. Tulikwenda kamati nzima. Mwenyekiti aliyekuwa mteja wake wa kila Jumamosi alisimama kando akisema, "Mwageni taratibu jamani, msichafue uwanja wa mtu," na sauti inamtetemeka. Kuku wa jirani waliokuja kudonoa machicha walilala njiani mpaka jioni. Nasaria alipindua mitungi yake akaiegemeza ukutani.

Zikapita wiki mbili, tukaona moshi kwake, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Nikajua nimempata. Nikachukua mgambo wawili na kipaza sauti, tukanyemelea kupitia shamba la mahindi, na tulipofika nyuma ya nyumba nikapiga kelele: "Nasaria! Uko chini ya ulinzi! Usiguse pipa!"

Alikuwa amekaa kando ya pipa, anachochea moto. Mgambo mmoja akachota kwa kata akapuliza, akaonja. Akaonja tena, safari hii kwa matumaini, na uso ukamwanguka.

"Ni maji," akasema.

"Maji gani?"

"Maji tu, Ndugu Katibu. Ya moto."

Nasaria akafuta mikono kwenye kanga. "Ulisema tuchemshe. Pipa ninalo, kuni mdogo wangu Anselmi ananiletea, na pombe umenikataza. Nikaona kuliko pipa likae bure, niwachemshie hawa wa huku mwisho. Wengi hawana sufuria wala nguvu ya kufuata kuni."

Katika kijiji kizima yeye ndiye mtu wa kwanza kutii amri yangu, na nilikuwa nimekwenda kumkamata. Hata nyumbani kwetu maji hayakuchemshwa. Mama yako aliniuliza, "Na sisi tuchemshe?" nikamwambia sisi tuna sabuni. Sasa ningefanya nini mbele ya mgambo? Kuomba radhi hakukuwa kwenye daftari la semina. Nikamwandikia Nasaria onyo kwa kosa la kuchemsha maji ya umma bila kibali, akalipokea kwa mikono miwili, akalitia motoni.

Cheka, mwanangu, mimi mwenyewe huwa nacheka nikikumbuka uso wa yule mgambo. Lakini shika na hili: ukimwambia mtu achemshe maji, tupia jicho kwanza kwenye kuni zake. Mimi sikuwahi kutazama kuni za mtu. Nilikuwa natazama kama amenisikia.

Ugonjwa ulipokuja haukupita kizuizini. Ulikuja na mvua, ukashuka na mto, ukaanzia huku juu kwetu wenye mabati. Huko mwisho kwa Nasaria walikuwa salama, isipokuwa Anselmi. Yeye alikuwa anakwenda mbali kutafuta kuni za lile pipa, na huko porini alikunywa alichokikuta.

Nasaria akaja kwangu adhuhuri. Alinikuta naandika ripoti ya wilaya. Safari hii hakupiga goti.

"Ndugu Katibu, Anselmi anaharisha maji matupu. Maji ya moto ninayo, chumvi ninayo. Nasikia kuna sukari ya wagonjwa."

Ufunguo wa choo nilikuwa nimeuvaa shingoni kwa uzi, chini ya shati, pamoja na rozari. Niliuhisi kifuani.

Nikasema, "Sukari hakuna, mama. Tunaisubiri kutoka wilayani."

Alinitazama kidogo, akaondoka. Alimpikia uji mwepesi wa ulezi akautia chumvi, akamnywesha siku mbili, na siku ya tatu Anselmi akafa. Alikuwa hajaoa bado. Nilikwenda kwenye mazishi na kipaza sauti, nikawatangazia watu wasikusanyike, akazikwa na watu sita.

Hapa sina utani wa kuweka. Nimeutafuta miaka yote, haupo. Sijui kama sukari ingemponya. Baadaye nilimuuliza mganga mmoja, nikijifanya nauliza tu, akanijibu, "Huenda." Neno hilo ninaishi nalo.

Siku ya nne baada ya mazishi ukaanza wewe. Ulikuwa na miaka minane. Kufika mchana macho yameingia ndani na ngozi ya vidole imekunjamana kama ya bibi kizee. Mto ulikuwa umefurika, njia ya kwenda zahanati imekatika. Daftari langu la semina lilikuwa palepale mezani, limeandikwa la kufanya kwa mwandiko mzuri, na mimi sikulifungua. Unajua nilichofanya? Nilichukua kipaza sauti nikatoka nje nikaita msaada. Betri zilikuwa zinakwisha, ikatoka sauti ya mbuzi aliyekabwa. Wengine walidhani ni tangazo jingine wakaendelea kupalilia.

Waliokuja walijaa uani kama ishirini. Katikati yao akapita Nasaria na mtungi kichwani, matanga ya ndugu yake hata hayajaisha. Akautua. Akafungua pindo la kanga akatoa chumvi.

"Lete sukari," akaniambia.

Nikafungua mdomo.

"Safari hii siulizi kama ipo. Nasema lete. Wewe mwenyewe ulisimama juu ya kinu ukatufundisha: maji, chumvi, sukari. Mimi nilisikia. Wewe hukusikia?"

Sasa naomba usome taratibu. Sikukimbia kwenda kufungua. Nilisimama. Wewe uko ndani unatapika, na baba yako amesimama uani anafikiri watu wakiona itakuwaje, Mwenyekiti atasemaje, cheo kitabaki au kitaondoka. Haukuwa muda mrefu, labda wa kusali Salamu Maria moja. Lakini nilisimama, Odilia. Aliyemaliza kusimama kwangu ni mama yako. Alitoka ndani, akaja moja kwa moja akaukata ule uzi shingoni mwangu, shanga za rozari zikamwagika chini, akaenda kufungua mwenyewe.

Mlango ulifunguka watu wote wakaona. Gunia la sukari, limepungua. Sabuni zimepangwa ukutani vizuri, maana mimi napenda mpango. Na sakafu laini kabisa, toka ukuta hadi ukuta.

Mzee Desideri, yule wa kuku, akaingia ndani, akaangalia huku, akaangalia kule, akagongagonga saruji kwa mkongojo wake akitafuta shimo. Kisha akatoa kichwa mlangoni.

"Kumbe ndiyo maana hakinuki," akasema. "Sisi tulidhani ni usafi."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, wa pili akafuata, na kijiji kizima kikacheka uani kwangu, wewe ukiwa kati ya kufa na kupona. Sikuwalaumu. Nilitamani ardhi ipasuke niingie, lakini shimo ndilo hilo nilikuwa sijachimba.

Ambaye hakucheka ni Nasaria. Alichota sukari, akaipima kwa kijiko, akakoroga, akaonja, akaingia kwako. Alikaa mkekani siku mbili. Kijiko, anasubiri, kijiko. Ukimtapikia anajifuta anaendelea. Mama yako alimpokea zamu akasinzia, Nasaria akaamka akaendelea. Siku ya tatu uliomba ugali, na mama yako akalia kwa sauti mpaka majirani wakadhani umekufa.

Ulipopata nguvu uliniuliza, "Baba, nani aliniponya?" Nasaria alikuwa ameshakwenda kwake. Nikasema, "Mimi, mwanangu." Mama yako alikuwa anasonga, akasimamisha mwiko, akanitazama, akaendelea kusonga. Nilijiambia ni neno dogo la kumtuliza mtoto. Nawe ukalichukua, ukalikuza, ukalifanya njia ya maisha yako.

Sabuni na sukari vilivyobaki aligawa Mzee Desideri, na hakuna kaya iliyokosa. Mimi nilipewa mtaimbo, nikatoboa ule mwamba wiki tatu mpaka viganja vikachunika, kisha nikachimba huko mwisho wa kijiji mashimo mengine manne. Halafu wageni wa wilayani wakaja kweli, wakakuta vyoo, wakakuta watu wenye afya, wakaniandikia hati ya pongezi. Niliwatazama wananchi nikingoja mmoja aseme. Wote kimya. Baadaye Mzee Desideri alinieleza kwamba walishauriana: "Tukisema, mwakani hawatuletei hata hiyo ya kuficha." Jina la Nasaria halikutajwa. Hati ndiyo ile iliyo ukutani, uliyokuwa unaifuta vumbi kila Jumamosi.

Jana nilikwenda kwake. Nilimkuta anapepeta ulezi, nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Nikamwambia nataka kukuandikia ukweli kabla hujaondoka.

"Umechelewa miaka kumi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi andika. Ila usimwandikie kwamba nilikusamehe, maana sijakusamehe. Nakusalimia, nakuuzia pombe, hata ukiumwa nitakuja. Lakini kwa Anselmi sijakusamehe, na sijui kama nitaweza."

Nikamuuliza, sasa niandike nini.

Akapepeta kwanza, pumba zikaruka. "Andika kwamba nilichemsha maji. Na andika jina la mdogo wangu. Kwenye ripoti yako ulimwandika 'mgonjwa mmoja'. Mwenyekiti alitusomea mkutanoni, nikasikia."

Alikuwa anaitwa Anselmi, Odilia. Alikuwa anapenda kuimba akiwa na mzigo wa kuni kichwani, tulimsikia kabla hatujamwona, na meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya. Alikuletea mara moja kiota cha ndege, ukalala nacho. Kuni zilizochemsha maji ya huko mwisho zilikuwa zake, na huyo dada yake ndiye aliyekuponya.

Nenda kasome. Sina wasiwasi na kichwa chako, wala na moyo wako. Nina wasiwasi kidogo na kipaza sauti watakachokupa siku moja, kwa kuwa najua damu uliyorithi. Watakuja watu wa kukupigia saluti, na utaona ni tamu. Mimi niliionja.

Mama yako amesoma hadi hapa akalia, akanishauri niifiche barua hii chini ya blanketi, uikute ukishafika, usije ukaondoka na uchungu. Nimemkatalia. Nimeficha vya kutosha. Ukirudi jioni hii kutoka kwa shangazi zako nitakupa mkononi, uisome ukiwa bado chini ya paa langu, na mimi nitakuwa nje ninafunga kamba sanduku lako. Ukitaka kuniuliza, niulize. Ukitaka kwenda kwa Nasaria kwanza, nenda, ndivyo inavyostahili.

Na kesho basi likisimama, kama utaona huwezi kunipa mkono, usinipe. Nitakupandishia mzigo tu.

Ni mimi,
baba yako